Kibuyu chirizi kwenye karatasi: namna ya kuwafundisha watoto kuandika maelekezo

Nafundisha Kiswahili darasa la sita, na somo la kuandika maelekezo huwa naanza na kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono linaloning'inizwa kwenye fito na kumimina maji ukikanyaga fito nyingine iliyofungwa kwa kamba. Walimu wenzangu wengi huanza na chai. Chai haifai: kila mtoto anaijua, kwa hiyo anayesoma anajaza mwenyewe yaliyorukwa na aliyeandika hagundui kama karuka kitu. Kibuyu chirizi hakina huruma hiyo. Kinataka dumu la lita 5, miti miwili yenye panda, fito mbili, kamba, msumari, kipande cha sabuni na kokoto za kuweka chini, na hatua moja ikikosewa maji hayatoki, au yanatoka bila kukoma.

Watengeneze kwanza, ndipo waandike. Wapange watatu watatu: mmoja afanye, mmoja aseme kwa sauti kinachofanyika, wa tatu aandike. Msumari wa moto ushike wewe. Ubaoni usiandike mfano wowote, maana ukiandika utasahihisha sentensi zako mwenyewe zikiwa na miandiko arobaini.

Rasimu ya kwanza itakuwa insha. "Siku ya Jumanne mwalimu alituambia tulete madumu. Tulifurahi sana." Usikasirike, ndivyo tulivyowazoesha tangu darasa la tatu. Waambie wapigie mstari kila kitenzi, kisha wabaki na vile ambavyo mkono unaweza kuvitenda. "Tulifurahi" inaondoka. "Tulitoboa" inakuwa "toboa". Hapo angalia jambo moja: mtoto ataandika "toboa dumu", mstari wa pili "unatakiwa uchimbe mashimo", wa tatu "kamba inafungwa". Achague namna moja aende nayo mpaka mwisho. Mimi nawasukumia kwenye "toboa, chimba, funga". "Kamba inafungwa" inamwacha msomaji akisubiri atokee mtu wa kuifunga.

Kisha mpangilio, na hapa mfuniko ndio mwalimu kuliko mimi. Kamba ya kukanyagia hupita kwenye tundu la mfuniko na kupigwa fundo kwa ndani. Karibu kila kundi huandika: "Funga mfuniko. Pitisha kamba kwenye mfuniko. Piga fundo kwa ndani." Kwa ndani, dumu likiwa limeshafungwa! Wafundishe kutumia "ukisha" na "kabla": ukishapiga fundo, ndipo ufunge mfuniko. Tahadhari nayo itangulie kitendo. "Kumbuka" inayokuja baada ya kazi kuharibika ni lawama tu.

Maneno "kidogo", "vizuri" na "ya kutosha" nayapiga marufuku kwa wiki nzima. Wanayo rula, wapime. Tundu la maji liwe kama sentimita 12 chini ya mfuniko, upande wa mfuniko, si upande wa mshikio. Mashimo ya miti yawe na kina cha sentimita 50, na kati ya mti na mti sentimita 70. "Jaza maji" peke yake haitoshi: jaza mpaka chini ya tundu, la sivyo yatachuruzika yenyewe. Kuna wanaoona huu ni ukali wa bure. Basi wakumbushe maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anayeandika "chumvi kidogo" hapo anamhatarisha mtoto, maana chumvi ikizidi inamdhuru.

Viambishi navyo vitazame. Ukisema "litoboe", ni dumu tu. Lakini "pitisha kamba kwenye sabuni, kisha ining'inize": ipi, kamba au sabuni? Vitu viwili vikigongana hivyo, rudia jina. Urembo wa kukwepa kurudia maneno tuuachie insha.

Sasa jaribio, na hili lisikose hata kama kipindi kimebana. Omba watoto wachache wa darasa la nne ambao kwao hakuna kibuyu chirizi. Wape karatasi na vifaa, waambie wafanye kilichoandikwa tu, wasifikirie mengine. Mwandishi asimame pembeni, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Atateseka. Atanyoosha kidole, atakohoa, atafanya ishara kwa macho, mrudishe nyuma. Kila mahali msomaji anaposita au kuinua uso kuuliza, mwandishi aweke alama ya X kwenye nakala yake. Asiandike sababu, atazijua. Jicho lako lielekeze kwa yule mtundu aliyeambiwa "chimba mashimo mawili" akachimba moja huku na lingine kule karibu na mlingoti wa bendera. Hajakosea hata chembe, na mwenye karatasi analijua hilo.

Rasimu ya pili huandikwa kutokana na zile X. Alama zangu natoa kwa maji: yakitoka mguu unapokanyaga na kukoma unapoachia, karatasi imefaulu, hata kama mwandiko ni wa kuku. Tahajia tunasahihisha siku nyingine.

Kazi ya nyumbani inayofuata ni kumwelekeza mgeni kutoka stendi hadi nyumbani kwao. Wengi wataandika "ukifika kwenye mwembe, kata kulia". Waulize mwembe upi.