Kabla Hujaianza Riwaya Nene ya Kirusi

Kinachowakwamisha wasomaji wengi wa riwaya kubwa za Kirusi ni majina kuliko unene wa kitabu, kwa hiyo maandalizi yaanzie hapo. Tafuta karatasi ngumu itakayokaa ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa, na kila mhusika anapoingia mwandike pamoja na majina yake yote. Mrusi wa karne ya 19 ana jina lake, jina linalotokana na la baba yake, kisha la ukoo. Rodion Romanovich Raskolnikov, kijana wa "Uhalifu na Adhabu" ya Dostoevsky, ni Rodion mwana wa Roman, na dada yake ni Avdotya Romanovna. Aliyezoea bin na binti hapati shida hapo. Shida inakuja mama yao anapowaita Rodya na Dunya, halafu Dunechka, na wewe ukadhani wameingia watu wapya.

Usiyaruke majina hayo, kwa sababu yanaonyesha nani yuko karibu na nani. Wa nyumbani hutumia jina la kudekeza. Anayetoa heshima hutaja jina la mtu na la baba yake. Mpelelezi Porfiry Petrovich anapombana Raskolnikov kwa maswali, anaendelea kumwita Rodion Romanovich kwa adabu zote, na adabu hiyo ndiyo inayotisha.

Chagua tafsiri mapema. Wengi wetu tutazisoma kwa Kiingereza, na tafsiri za Constance Garnett na za akina Maude (wanandoa Louise na Aylmer Maude) zinapatikana bure mtandaoni kwa kuwa ni za zamani. Akina Maude walimfahamu Tolstoy mwenyewe, mwandishi wa "Vita na Amani" na "Anna Karenina". "Vita na Amani" inafunguka mwaka 1805 kwenye tafrija ya mabwanyenye wanaoongea Kifaransa. Akina Maude wamekigeuza Kifaransa hicho sehemu kubwa kuwa Kiingereza, ilhali watafsiri wengine, Pevear na Volokhonsky, wamekiacha na kuweka maana chini ya ukurasa. Soma kurasa chache za kila moja kabla ya kununua.

Jifunze kidogo mambo ya pesa na vyeo. Rubo moja ni kopeki 100. Mwanzoni kabisa mwa "Uhalifu na Adhabu", Raskolnikov anaweka rehani saa ya marehemu baba yake. Bibi mkopeshaji anaithamini rubo moja na nusu, kisha anakata riba ya mwezi mzima palepale, kopeki 10 kwa kila rubo, pamoja na ya deni la zamani la rubo 2. Kijana anatoka na rubo 1 na kopeki 15. Ni kausha damu ile ile tunayoijua, na ukiifuata hesabu hiyo unaelewa chuki yake kwa yule bibi. Jua pia kwamba wakulima waliokuwa mali ya mabwana waliachiwa huru mwaka 1861. Bila hilo, wasiwasi wa bwana shamba Levin kuhusu shamba lake katika "Anna Karenina" hautakuingia.

Kwa mpangilio, ningeanza na "Uhalifu na Adhabu", kisha "Anna Karenina", ndipo "Vita na Amani". "Ndugu Karamazov" ya Dostoevsky naiweka mwisho, kwa sababu inadai subira ya aina nyingine: watu wanabishana juu ya Mungu kurasa kwa kurasa, na ubishi huo ndio moyo wa kitabu.

Usijipangie kurasa nyingi kwa siku. "Vita na Amani" ina sura 361, nyingi zikiwa fupi, kwa hiyo sura moja kila usiku inakumalizia kitabu ndani ya mwaka. "Uhalifu na Adhabu" yenyewe ilitoka kwa vipande katika jarida, mwaka 1866, na wasomaji wa kwanza walilazimika kusubiri toleo linalofuata.

Sehemu ya mwisho ya "Vita na Amani" iandalie nafasi yake. Ni sura 12 zisizo na wahusika wakuu kama Natasha wala Pierre, Tolstoy akijadili nini hasa huendesha historia. Wengi huziacha. Mimi nasema zisome, mchana, akili ikiwa haijachoka.