Kuhama kutoka king'amuzi kwenda intaneti: namna ya kuihamisha nyumba nzima

Kazi yangu ni kufunga madishi na, siku hizi, kupanga rauta majumbani hapa Dar es Salaam. Ombi linalokuja sana ni hili: "Fundi, njoo utoe dishi, tutumie intaneti tu, tubane matumizi." Kabla ya kupanda ngazi huwa nauliza nyumba ina simu janja ngapi. Nyumba yenye simu tano zinazokula bando kila siku itaokoa hela kweli. Wazee wawili wenye simu za vitochi na kifurushi cha chini hawataokoa kitu, na hao huwa nawaambia wabaki walipo.

Hatua ya 1: Jumlisha kifurushi na bando

Watu wengi hulinganisha bei ya king'amuzi na bei ya intaneti ya nyumbani, wakaona zinakaribiana, wakaishia hapo. Hesabu hiyo ina pengo. Fungua taarifa ya miamala ya kila mtu mzima, iwe M-Pesa, Mixx by Yas au Airtel Money, kisha toa manunuzi yote ya bando ya mwezi uliopita.

Tuseme kifurushi cha TV ni shilingi 60,000, na watu watatu kila mmoja ananunua bando la 5,000 kwa wiki. Bando peke yake ni 60,000 nyingine kwa wiki nne. Kumbe nyumba inatoa 120,000, na hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na intaneti ya nyumbani ukijumlisha na huduma moja ya filamu kama Netflix. Bando la simu halitakufa kabisa, maana mtu akitoka analihitaji. Ila likishuka nusu tu, mambo yanaanza kuonekana.

Hatua ya 2: Maliza suala la mpira kabla ya jingine lolote

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Netflix haina Simba na Yanga. Ligi Kuu Bara iko Azam, kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021. Ligi Kuu ya Uingereza iko SuperSport, yaani DStv. Kuwa na intaneti hakuondoi haki hizo. Kunabadilisha njia tu: badala ya dishi unatumia programu ya kampuni ileile, AzamTV Max au DStv Stream, na bado unalipa.

Kwa hiyo kaa na wenye nyumba uulize bila aibu nani anaangalia ligi ipi. Kama ni ligi ya nyumbani tu, mara nyingi nashauri king'amuzi kibaki kwenye kifurushi cha chini kabisa kinachoonyesha mechi hizo, na kile kikubwa kife. Kama ni ligi ya Uingereza, lipa kwa msimu. Kati ya Juni na katikati ya Agosti hakuna mechi za ligi, na vifurushi vyetu ni vya kulipa kabla, hakuna mkataba unaokufunga. Watu wanalipa miezi hiyo kwa mazoea tu.

Kabla ya kujiunga kwenye programu, soma masharti yake ujue inaruhusu vifaa vingapi kwa wakati mmoja. Baba akiwa sebuleni na mwanawe chumbani, mmoja anaweza kutolewa nje.

Zile linki za bure za Telegram za kuangalia mpira achana nazo. Ukiacha kwamba ni wizi, picha hukwama dakika ya 89.

Hatua ya 3: Chagua intaneti kwa maswali, usichague kwa bango

Netflix wenyewe wanapendekeza spidi ya Mbps 5 (Mbps ni kipimo cha kasi ya intaneti) kwa picha ya HD kamili na Mbps 15 kwa 4K. Nyumba yenye TV moja na simu nne inatosheka na Mbps 20, na anayekuuzia 100 anakuuzia namba.

Kinachoumiza ni ujazo, yaani GB zinazoliwa. Picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. TV ikiwaka saa nne kwa siku, ni GB 12, na kwa mwezi GB 360. Hakuna bando la simu linalobeba mzigo huo kwa bei ya maana, hivyo usijaribu kuendesha TV kwa hotspoti ya simu ya mama. Tafuta huduma isiyo na kikomo: faiba, yaani intaneti ya waya, kama inafika mtaani kwenu (TTCL wana Faiba Mlangoni Kwako, na zipo kampuni nyingine kwa baadhi ya maeneo), au rauta ya 4G na 5G ya mitandao ya simu.

Neno "bila kikomo" nalo lina mkia. Muulize wakala: nikivuka GB ngapi spidi inashuka, na inashuka hadi ngapi? Akibabaika, omba masharti kwa maandishi. Halafu mwendee jirani anayetumia huduma hiyohiyo, pima spidi kwa tovuti ya fast.com saa 3 usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Kipimo anachokuonyesha wakala saa 4 asubuhi hakina maana.

Hatua ya 4: TV yenyewe

Kama ni TV janja na inafungua YouTube bila kusuasua, umemaliza. Kama ni flati ya zamani yenye tundu la HDMI, nunua kijiti cha kuchomeka hapo kinacholeta YouTube na Netflix, usinunue TV mpya.

Kariakoo utapewa kiboksi cha Android cha bei ya kutupa. Kuwa mwangalifu. Vingi havina kibali cha Netflix, kwa hiyo picha huja hafifu hata intaneti ikiwa nzuri, na baadhi hutoka kiwandani na virusi ndani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa virusi uitwao BADBOX 2.0 unaoishi kwenye viboksi vya namna hii. Kipimo changu dukani ni kimoja: fungua duka la programu la kifaa chenyewe, tafuta Netflix. Isipokuwepo, na muuzaji akasema atakuwekea kwa flashi, rudisha kiboksi kwenye katoni.

Hatua ya 5: Rauta na umeme

Rauta isiwekwe ndani ya kabati wala nyuma ya TV. Iweke wazi, juu, katikati ya nyumba. TV ikiwa karibu nayo, vuta waya wa LAN, tatizo la kukwama linakwisha. Ikiwa mbali kidogo tumia Wi-Fi ya 5GHz, lakini kuta za tofali mbili tatu zikiwa katikati, ile ya 2.4GHz hufika mbali zaidi.

Umeme ukikatika, rauta inakufa na simu zote zinarudi kwenye bando, yaani akiba yako inaliwa gizani. Nunua UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba. Kabla ya kulipa, geuza adapta ya rauta usome maandishi madogo ya chini: kama imeandikwa 12V 1.5A, UPS itoe volti 12 hizohizo na ampea zisizopungua 1.5. Faiba huwa na kisanduku cha pili ukutani, nacho kinahitaji umeme. Watu hukisahau.

Hatua ya 6: Mipangilio

Kwenye akaunti ya Netflix, kila wasifu una sehemu ya ubora wa picha. Ukiweka wastani, saa moja inakula takriban GB 0.7. Kwa wasifu wa watoto inatosha kabisa, katuni haihitaji zaidi. Zima ule mpangilio wa video inayofuata kujicheza yenyewe. YouTube kwenye TV weka 480p kwa taarabu na mahubiri yanayosikilizwa zaidi ya kutazamwa. Weka PIN kwenye manunuzi.

Malipo ya Netflix hufanyika kwa kadi, hata ile unayoitengeneza kwenye menyu ya pesa za simu. Iwekee kiasi cha mwezi mmoja tu.

Hatua ya 7: Mwezi wa majaribio

Using'oe chochote. Acha kifurushi kiishe chenyewe, usilipie. Mzee aliyezoea taarifa ya habari ya saa 2 usiku ndiye atakayelalamika wa kwanza, na ana haki. King'amuzi cha antena humwachia chaneli za bure kama TBC1 hata bila kulipia, na vituo kadhaa hurusha habari zao mubashara YouTube. Panga YouTube iwe ya kwanza kwenye skrini, umwonyeshe kitufe kimoja tu cha rimoti.

Dishi libaki juu ya bati. AFCON ya 2027 inachezwa hapa, Kenya na Uganda, na huenda ukataka kulipia mwezi ule. King'amuzi kilicholala muda mrefu huamka kikidai masasisho, hivyo kiwashe na ukilipie siku mbili kabla ya mechi, usingoje filimbi ya kwanza.