Somo: Kurudisha sura ya upanga wa karne ya 13

Ndugu wanachama, upanga wa kale ukiopolewa mtoni huja uchi: bapa, chuma kinachokinga mkono, na kirungu cha mwisho wa mpini. Mti, ngozi na nyuzi vimeoza. Leo tunavirudisha, kwanza kwenye karatasi, kisha kwenye nakala. Mfano wetu ni upanga wa mto Witham, Uingereza, uliopatikana mwaka 1825 na sasa uko British Museum.

1. Vipimo. Una urefu wa sentimita 96 hivi na uzito wa kilo 1.2 tu, zile hadithi za panga za kubebwa na majitu tuziache. Ukiruhusiwa kuushika upanga, pima upana kila sentimita 5, na unene vilevile. Unene ndio mafundi wengi husahau. Bapa hukonda kuelekea nchani; nakala isiyokonda hulemea mbele kama shoka, hata ikipendeza pichani.

2. Aina. Ewart Oakeshott, mtafiti Mwingereza wa silaha za kale, aliainisha panga za enzi za kati kwa umbo, kuanzia X hadi XXII. Aina ya X ina mfereji mpana katikati ya bapa. Ya XVIII haina mfereji bali mgongo uliosimama.

3. Mpini na ala. Vipande viwili vya mti hukumbatia mkia wa chuma unaotoka kwenye bapa, vikazungushiwa kamba, kisha ngozi. Ala nayo ni mbao nyembamba zilizovikwa ngozi. Fundi wa ala za majambia ataelewa haraka. Kwa ushahidi, tazama upanga wa kaburi la Fernando de la Cerda, mwana wa mfalme wa Castile aliyefariki 1275, kule Burgos, Hispania.

MASWALI

Swali: Kwenye picha za upanga wa Witham chuma ni cheusi. Nakala niipake nyeusi?
Jibu: Hapana. Weusi huo umetoka matopeni. Enzi zake bapa lilisuguliwa likang'aa.

Swali: Maandishi +NDXOXCHWDRGHDXORVI+ kwenye bapa la upanga huo yana maana gani?
Jibu: Hakuna aliyeyafumbua kwa uhakika. Ni waya wa dhahabu uliopachikwa kwenye chuma. Yanakili herufi kwa herufi, usisahihishe chochote.

Swali: Nimenunua upanga wa zamani wenye kutu. Nianze na msasa upi?
Jibu: Usiuguse kwa msasa, nakusihi. Chini ya kutu huenda kuna alama ya mhunzi, na ukiikwangua hairudi. Uweke mahali pakavu, umpelekee mhifadhi wa makumbusho.