Somo: Kukarabati Nyumba Kuukuu Krismasi Ikiwa Mlangoni, Bila Kupoteza Bashasha

Kila Desemba inapoanza napokea ujumbe uleule kwa maneno tofauti: nyumba ni ya zamani, kitu fulani kimeharibika, wageni wanaingia tarehe 24, na mwulizaji anataka kujua atafanyaje ili asigombane na kila aliyemo ndani. Nimejibu mara nyingi kiasi cha kuchoka, na mwaka jana nilimjibu mtu mmoja kwa ukali ambao hakuustahili, kwa hiyo nimeamua kuandika yote mahali pamoja. Naishi katika nyumba iliyojengwa kabla baba yangu hajazaliwa, na makosa karibu yote ninayoyakataza hapa nimeyafanya mwenyewe. Kinachoiba furaha ya sikukuu ni kazi iliyofumuliwa ikaachwa wazi. Ubovu wenyewe ulikuwepo tangu Juni na hakuna aliyeulilia.

Hatua ya 1. Zunguka nyumba nzima na kalamu, uandike kila kilichoharibika.

Hatua ya 2. Igawe orodha hiyo katika mafungu matatu: hatari, kero na aibu. Hatari ni waya ulio wazi, harufu ya gesi, dari inayoshuka na ngazi inayocheza. Hizo hazisubiri sikukuu wala mwaka mpya. Kero ni choo kisichoacha kutiririsha maji, mlango unaokwama na sinki linalotuama. Aibu ni rangi iliyobanduka, ufa mwembamba ukutani na kigae kimoja kisichofanana na wenzake. Wengi huanza na aibu kwa sababu ndiyo wanayodhani mgeni ataiona, ilhali mgeni anaweza kukaa siku tatu asiuone ufa, lakini choo kibovu atakutana nacho ndani ya saa ya kwanza.

Hatua ya 3. Weka tarehe ya mwisho ya kufumua. Yangu ni 15 Desemba, na baada ya hapo hakuna kinachofunguliwa isipokuwa kilicho katika fungu la hatari. Vitu vinavyokauka haviharakishwi kwa kukodolewa macho: saruji hupimwa nguvu yake siku 28 baada ya kumwagwa, lipu mpya huhitaji wiki kadhaa kabla ya kupakwa rangi, na hata silikoni ya kuzibia kingo za sinki hutaka takriban siku nzima bila kuguswa na maji.

Hatua ya 4. Jaribu koki kuu kabla ya kugusa bomba lolote. Koki hiyo kwa kawaida iko karibu na mita ya maji, au pale bomba linapoingilia nyumbani, na katika nyumba kuukuu huenda imefunikwa na udongo, kabati, au saruji ya mtu aliyekuwa na haraka.

Hatua hii naieleza kwa kirefu kwa sababu niliwahi kuiruka. Ilikuwa tarehe 22 Desemba, saa mbili usiku, nami nilitaka kubadilisha bomba la sinki la jikoni lililokuwa likidondosha tone moja kila sekunde, yaani matone 86,400 kwa siku, na nilikuwa nimeyasikia yote. Chini ya sinki palikuwa na koki ndogo ambayo haikuwa imezungushwa kwa miaka mingi. Ilipogoma niliibana kwa spana, nikaiegemea kwa uzito wangu wote, na kishikio kikanibaki mkononi pamoja na kipande cha shaba cha urefu wa kidole, huku maji yakinipiga kifuani. Nikakimbilia koki kuu, nayo ikazunguka kwa ulaini wa kutia matumaini, ikaendelea kuzunguka, na haikufunga chochote, kwa kuwa lango lililomo ndani yake lilikuwa limeshaachana na shina. Mpaka jirani alipokuja kutuonyesha koki nyingine nje ya ukuta, maji yalikuwa yamefika sebuleni. Kinachoniuma hadi leo, hata hivyo, ni kwamba nilimfokea mtoto aliyeniletea ndoo, kwa kosa la kuleta ndoo ndogo.

Kwa hiyo zingatieni haya. Funga koki kuu, kisha fungua bomba lililo chini kuliko yote nyumbani. Likiendelea kutoa maji kwa nguvu baada ya yale yaliyobaki kwenye mabomba kwisha, koki yako haifungi, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabla ya nyingine yoyote. Koki iliyoganda haishindwi kwa misuli: irudishe nyuma kidogo, iendeleze kidogo, ipe mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina, uende ukafanye jambo jingine, kisha uirudie. Ukihisi shina linajipinda, acha. Koki ya kuzungusha mara nyingi, ukiisha kuifungua hadi mwisho, irudishe robo mzunguko ili isigande tena. Ile ya mkono mmoja imefungwa pale mkono unapokingama na bomba. Zaidi ya yote, jaribio hili lifanyike asubuhi ya siku ya kazi, wakati mafundi bomba wanapokea simu.

Hatua ya 5. Tenga chumba kimoja kisichoingia nyundo, msasa wala vumbi, na mti wa Krismasi uwe humo. Mlangoni tundika shuka lenye unyevu ili linase vumbi. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huwadhuru watoto hasa. Marekani, kwa mfano, iliyapiga marufuku katika rangi za nyumbani mwaka 1978. Kwa sababu hiyo, rangi kuukuu usiipige msasa ikiwa kavu hata kama una haraka kiasi gani.

Hatua ya 6. Panga saa ya kufunga vifaa kila jioni, na iheshimu hata kama imebaki skrubu moja.

Hatua ya 7. Waambie wageni mara moja, kabla hawajafika, kwa maneno ya kazi: "Choo cha juu hakitumiki, tumieni cha chini." Baada ya hapo nyamaza. Mwenyeji anayeomba radhi kwenye kila mlango huwafanya wageni waanze kuhesabu kasoro.

Hatua ya 8. Mstahi anayekushikia tochi. Ugomvi mwingi wa ukarabati nimeuona ukianzia hapo: wewe umelala chali chini ya sinki, unasema "mulika hapa," na aliyesimama nyuma yako hawezi kujua "hapa" ni wapi kwa kuwa kichwa chako ndicho kinachomziba. Tafuta taa ya kuvaa kichwani, naye mpe kazi yenye heshima, kama vile kupanga skrubu kwa mpangilio zilivyotoka.

MASWALI NA MAJIBU

Mwenye Haraka: Mwalimu, sijasoma yote kwa sababu ni ndefu. Bomba langu linavuja. Nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 4. Nayo isome yote.

Mama wa Wanne: Ahsante kwa somo, mwalimu. Chumba cha wageni kina bafu ambalo halijatumika kwa miezi mingi. Nimelisugua mara tatu na bado linanuka mtaro. Ningependa kuelewa sababu kabla sijaita fundi.

Jibu: Mama, kuna uwezekano mkubwa kwamba humhitaji fundi. Chini ya kila tundu la maji machafu kuna bomba lililopinda, na katika ule mpindo hubaki maji kidogo ambayo kazi yake ni kuizuia hewa ya mtaroni isipande. Bafu lisipotumika kwa muda mrefu maji hayo hukauka, na njia inakuwa wazi. Mimina maji katika kila tundu, pamoja na lile la sakafuni ambalo watu hulisahau, kisha ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia ambayo yataelea juu na kuchelewesha ukaukaji. Funga mlango, urudi baada ya saa chache. Ikiwa harufu bado ipo, basi huenda mpindo una ufa au bomba la kutolea hewa limeziba, na hapo mwite fundi. Umefanya vyema kuuliza sababu kwanza.

Fundi wa Wikendi: Hizo siku 28 ni kutishana. Mimi nilipaka rangi lipu ya siku tatu na ukuta hadi leo uko sawa.

Jibu: Tafadhali isome sentensi tena. Siku 28 nilizitaja kuhusu kipimo cha nguvu ya saruji. Kuhusu rangi nilisema wiki kadhaa. Hukutueleza lipu yako ilikuwa ya unene gani, hali ya hewa ilikuwaje, wala ulipaka rangi ya aina gani, kwa hiyo siwezi kuupinga ukuta nisiouona. Nimeona nyingine nyingi zikitoa malengelenge na chumvi nyeupe, na wenyewe ndio wanaoniandikia Januari. Wasomaji wengine wasifuate siku tatu.

Mpangaji Mpya: Shikamoo mwalimu. Dari ya sebule ina sehemu iliyovimba kama tumbo baada ya mvua, na inadondosha. Wageni watafika keshokutwa. Nikiiacha itaanguka?

Jibu: Marahaba. Inaweza kuanguka, maana maji yaliyokusanyika ni mzigo mzito, kwa hiyo iondoe katika fungu la aibu ikiwa uliiweka humo. Zima umeme wa chumba hicho kwanza. Ondoa samani, weka ndoo kubwa, kisha ukiwa umesimama pembeni na si chini ya uvimbe, toboa tundu dogo kwa bisibisi ili maji yashuke kidogo kidogo. Ukitafuta maji yanakoanzia, usidhani tundu la paa liko juu ya doa moja kwa moja. Maji husafiri juu ya mbao umbali mrefu kabla ya kudondoka. Keshokutwa hutaweza kuipaka rangi dari hiyo, na usijaribu. Kama bado inadondosha, funga uzi kutoka penye tone hadi ndani ya ndoo. Maji yatateremka kwenye uzi bila sauti, na mtalala.

Mpangaji Mpya: Uzi umefanya kazi! Mtoto ameufunga utepe mwekundu.

Jibu: Hilo sikulifikiria. Mwambie nimelipokea.

Taa Nyingi: Taa za mti zikiwashwa pamoja na pasi, umeme wa nyumba nzima unakatika. Naweza kuweka waya mnene badala ya fyuzi?

Jibu: Hapana.

Taa Nyingi: Mbona umejibu kwa ukali? Nimeuliza tu.

Jibu: Nimejibu kwa ufupi kwa sababu neno hilo moja ndilo linaloweza kuiokoa nyumba yako. Fyuzi ipo ili iungue kabla waya wa ukutani haujaungua, na katika nyumba za zamani waya huo huenda una ganda la mpira lililokwisha kukauka na kukatika. Chomoa kila kitu, washa umeme, kisha chomeka kimoja kimoja. Umeme ukikatika kwa kitu kilekile kila mara, kitu hicho ndicho kibovu. Ukikatika tu vinapokuwa vingi, umezidisha mzigo, basi pasi na mti visishirikiane. Ukikatika pasipo na kitu kilichochomekwa, mwite fundi umeme aliyesomea kazi. Waya wa kurefushia ukiwa umeviringishwa hupata joto, kwa hiyo ukunjue wote.

Randa: Mwalimu, mlango wa mbele unakwama msimu huu tu. Nimeshatoa randa. Nipunguze milimita ngapi?

Jibu: Rudisha randa, ndugu yangu. Mbao hunywa unyevu ikatanuka, na ukiichonga sasa, msimu wa ukavu utakuonyesha mwanga pande zote. Sugua mshumaa pale penye alama za kukwaruza. Kabla ya hapo kaza skrubu za bawaba ya juu, kwani mara nyingi mlango haukutanuka bali umeinama.

Mama wa Wanne: Naongezea hapo. Skrubu ikiwa haishiki kwa sababu tundu limepanuka, mimi hujaza njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa na gundi ya mbao, nikasubiri ikauke, kisha nikaikaza upya. Na harufu imekwisha, mwalimu. Lilikuwa lile tundu la sakafuni.

Jibu: Nimefurahi. Njia ya njiti ni nzuri, na nitaiongeza katika somo.

Mpangaji Mpya: Swali la mwisho, kama si utovu wa adabu. Yule mtoto wa ndoo ndogo ilikuwaje?

Jibu: Si utovu wa adabu. Usiku uleule, tukikausha sakafu, nilimwomba radhi, naye akaniuliza kama anaweza kukichukua kile kipande cha shaba. Alikifunga uzi akakitundika kwenye mti, na kila mwaka hukitundika mahali palepale, panapoonekana na kila anayeingia. Wageni huuliza ni nini, na yeye huwasimulia habari yote, ndoo ikiwemo.

Mwenye Haraka: Nimesoma yote sasa, hata maswali. Bomba bado linavuja.

Jibu: Umefunga koki kuu?

Mwenye Haraka: Iko wapi?

Jibu: Hatua ya 4, sentensi ya pili.