Uwiano wa difu baada ya kuweka tairi kubwa

Ukibadili tairi za pikapu kutoka inchi 31 hadi 35, zidisha uwiano wa difu uliopo (mara ambazo shafti huzunguka ili magurudumu yazunguke mara moja) kwa kipenyo kipya cha tairi, kisha ugawe kwa cha zamani: ikiwa uwiano uliopo ni 4.10, basi 4.10 × 35 ÷ 31 ni takriban 4.63, kwa hiyo tafuta kraunwili na pinioni (gia mbili za ndani ya difu) ya 4.56, au 4.88 ikiwa gari hubeba mzigo mzito milimani. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, hivyo injini huzunguka polepole na kukosa nguvu ya kuondoka. Usiamini namba ya kipenyo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya gurudumu, gari likiwa na mzigo, uzidishe kwa mbili. Kwenye gari la 4x4 hesabu hii haifai kitu ukibadili difu moja tu, kwani mbele na nyuma zitavutana hadi gia zivunjike.