Mtoto alikuwa analala fofofo, ghafla anaamka usiku: anzia hapa

Mtoto wa mwaka na kitu analala vizuri miezi kibao, na wewe umeshauzoea usingizi wako, halafu usiku mmoja saa nane huyo kasimama kitandani anaita mamaaa. Kesho tena. Keshokutwa mara tatu. Hapo ndo watu tunaharibu, kwa sababu umechoka na unachotaka ni anyamaze tu, sasa hivi, kwa njia yoyote.

Mimi wa kwangu alianza akiwa na miezi 19, magego yanatoka, nikawa nampa chupa ya maziwa ili tulale. Gego likatoka, chupa ikabaki. Mwezi mzima baadae bado anaamka saa ileile, hata halii kwa maumivu, anakaa tu ananyoosha mkono. Kwa hiyo la kwanza kabisa, usianzishe usiku kitu ambacho hutaki kukifanya miezi sita ijayo, maana kilichomwamsha kinaweza kuisha ndani ya wiki moja mbili ila mazoea hayaondoki yenyewe.

Asubuhi yake mkague. Nawa mikono, mfungue kinywa, mulika na tochi ya simu ufizi wa nyuma kama umevimba. Magego ya kwanza mara nyingi yanakuja kati ya miezi 13 na 19, ya nyuma kabisa kati ya 23 na 33. Sikio nalo, likiwa linauma akilala chali maumivu yanazidi, ndo maana mchana anacheza fresh tu usiku vita. Na kitu ambacho wengi hawawazi ni minyoo, ile myeupe midogo kama vipande vya uzi, jike linatoka usiku kutaga mayai kuzunguka tundu la haja kubwa basi mtoto anawashwa anajigeuzageuza. Masaa mawili matatu baada ya kulala mfunue nepi umulike, utaiona. Ukiiona nenda kapewe dawa, na mara nyingi nyumba nzima mnakunywa.

Hakuna ugonjwa? Basi angalia kilichobadilika. Dada mpya wa kazi, mdogo wake kazaliwa, mmehama, baba kasafiri, kaanza shule. Umri huu wengi wanakuwa na ile hofu ya kuachwa, akishtuka asikuone anahisi umepotea kabisa. Hii inatibiwa mchana zaidi kuliko usiku: ukitoka muage, usitoroke kwa mlango wa nyuma, na jioni mpe nusu saa yake bila simu.

Usingizi wa mchana pia. Wengi wanaacha kulala mara mbili na kubaki na mara moja kati ya miezi 15 na 18, na hapo katikati ratiba inavurugika vibaya. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji masaa 11 hadi 14 jumla, mchana na usiku, sasa kama jana alilala mpaka saa kumi na moja jioni usitegemee miujiza. Lakini usimnyime usingizi wa mchana ili achoke, jamani hii haifanyi kazi, mtoto aliyechoka kupita kiasi ndo anaamka zaidi.

Usiku wenyewe sasa. Akilia usikimbie sekunde hiyohiyo, subiri dakika moja au mbili, maana watoto wanashtuka kidogo wakati usingizi unapobadilika na wengine wanalia na macho yamefungwa, ukimbeba ndo umemwamsha wewe. Akiendelea, ingia, taa kubwa usiwashe, sema sentensi moja tu ileile kila siku ("ni usiku, mama yupo, lala"), mlaze, mpapase mgongo, kaa. Uwe mtu wa kuboa kabisa. Kama mnalala kitanda kimoja ni hivyohivyo, usigeuke kuwa mchezo. Chupa kama ilishaingia, punguza mililita 30 kila baada ya siku mbili hadi ibaki maji, maana maziwa ya usiku yanaozesha meno.

Tofauti kidogo: akipiga kelele masaa mawili matatu tu baada ya kulala, macho wazi, jasho, hakutambui na anakusukuma, huyo hajaamka. Usimtikise wala usimuulize maswali, zuia asijigonge tu, itapita na asubuhi hakumbuki kitu. Ndoto mbaya ni tofauti, inakuja zaidi alfajiri, anaamka kabisa na anakutaka, huyo mkumbatie.

Dawa ya mafua au ya aleji ili alale, hapana, usijaribu. Na hospitali nenda kama ana homa, anakoroma huku pumzi inakatika, au wiki zinapita na mchana pia hana raha.

Kingine, mkubaliane na mwenzio. Sisi tulikuwa tunapeana zamu, mimi nasema sentensi yangu natulia, baba yake anamwimbia na kumtembeza sebuleni. Usiku wa nne mtoto hakuita mama tena, anaita babaaa.