Namna ya kusoma alama za wadudu kwenye jani la kisukuku

Nafundisha biolojia Singida, mkoa wenye eneo la visukuku la Mahenge. Huko, miaka milioni 46 hivi iliyopita, kasoko ya volkano ilijaa maji ikawa ziwa. Tope lake laini liligeuka mwamba unaohifadhi samaki na majani, yakiwemo ya miti ya jamii ya mikunde. Wanafunzi wakisikia visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa mwambani, huwaza mifupa. Mimi huwaanzishia majani, kwa kuwa jani moja hubeba habari za mmea na za mdudu aliyeula, hata kama mwili wa mdudu haukubaki popote.

Usianzie kwenye jiwe. Nenda bustanini, uchume jani la nyanya lililoshambuliwa na kantangaze, nondo mdogo ambaye buu wake hula nyanya: buu amekula nyama ya ndani, akaacha ngozi ya juu na ya chini. Tafuta pia tundu la zamani la kiwavi. Ukingo wake umekauka, mgumu, wa kahawia. Kisha chana jani bichi kwa mkono, ulinganishe.

Sasa shika kisukuku, au picha yake iliyo safi. Mulika tochi kwa ubavu, karibu sawa na uso wa jiwe, ili kila kibonde kitoe kivuli. Tumia lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Usikwangue. Jiwe likiwa limepasuka pande mbili, soma zote; alama iliyofifia huku huenda iko wazi kule.

Tafuta kwanza utepe mwembamba, mweusi kuliko jani, kuzunguka tundu au palipomegwa. Hilo ni kovu, na mmea uliokufa hauoti kovu. Mipasuko isiyo nalo huenda ni kazi ya maji au kuoza, na mimi siiandiki kuwa ya mdudu.

Njia ya buu ndiyo ninayoipenda zaidi. Huanza nyembamba kama uzi, ikapanuka kadiri buu alivyokua akila, na wakati mwingine ina mstari wa kinyesi katikati. Ifuate hadi mwisho wake. Vinundu vya mviringo, yaani uvimbe ambao mmea huota kwa sababu ya mdudu, navyo vichunguze, hasa vilivyo juu ya mshipa.

Chora kila alama ukionyesha iko wapi ukilinganisha na mishipa ya jani. Huko Messel, Ujerumani, jani la miaka milioni 48 lina makovu pande mbili za mishipa. Mpangilio huo ndio uliowafanya watafiti, mwaka 2010, waeleze kuwa ni alama za meno ya chungu aliyetawaliwa na kuvu, aliyeuma mshipa akafia hapo.

Ukikuta kisukuku porini, kipige picha kilipo, uweke rula kando, kisha utoe taarifa Idara ya Mambo ya Kale. Sheria inavilinda.

Mwisho, hesabu majani yote, hata yasiyo na alama. Ukikusanya yaliyoliwa tu, hutajua wadudu walikula kwa kiasi gani, wala hutaweza kulinganisha tabaka moja la mwamba na lingine.